Ngoja Nikuletee

Naomba niseme mapema kwamba mimi ni raia mwema. Naipenda serikali yangu asubuhi, mchana na jioni, kwa kidole gumba, kwenye simu, kama sheria inavyotaka, na bando nanunua mwenyewe. Jina la nchi yetu sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, na yule bwana wa dirisha la vibali alitoka kwenda kula chakula cha mchana enzi za waziri aliyepita, hajarudi. Tunamsubiri kwenye foleni kwa heshima. Wewe msomaji kama umeshaanza kutabasamu, acha, maana sijasema kitu cha kuchekesha.

Naitwa Kitwana. Nina fremu ya duka nyuma ya stendi ya mabasi, natengeneza simu. Kulia kwangu yupo Hatibu wa magodoro, mtu wa maneno machache, anayeshinda amelala juu ya bidhaa yake ili wateja wajionee kwamba inafanya kazi. Kushoto yupo Bi Mwajabu wa achari. Mama yake ndiye aliyeanza kuuza pale, na beseni lake, kabla fremu hazijajengwa. Alipofariki, binti akabaki na beseni, wadogo zake wa kusomesha, na ile sehemu. Sehemu ile ndiyo kila kitu kwake, na haya nitakayosimulia yanahusu watu waliotaka kumtoa.

Achari yenyewe sitaisifu, kwa sababu kuisifu kulipigwa marufuku na sina hakika kama marufuku imeondolewa. Nitasema tu kwamba ndimu zake huanikwa juu ya bati mpaka zinanywea, na ukiila na pilau unaweza kumsamehe hata mwenye nyumba wako.

Habari ya kutafuta wateja Mwajabu hakuisomea popote. Asubuhi anaweka chupa dirishani, jua linaipitia, anapiga picha, anairusha kwenye ukurasa wake. Halafu anarekodi sauti: "Wapenzi, mmeamkaje? Leo ndimu zimekubali. Mama Rukia, yule mtoto kikohozi kimeisha?" Basi. Watu wanamjibu, naye anawajibu wote, hata wale wasionunua kitu. Mtu wa mji wa mbali anaagiza chupa, chupa inapanda basi, kondakta akishainusa naye anaomba namba. Wafuasi waliongezeka hivyo, kwa kusalimiwa.

Tena mtaa wetu una desturi yake. Kwetu hakuna mtu anayesema "hamna." Mteja akija kwangu akitaka godoro, siwezi kumwambia mimi ni fundi simu. Namvutia benchi, namwambia, "Karibu, kaa, ngoja nikuletee," natoka mbio kwa Hatibu. Hatibu akiulizwa pasi, hivyo hivyo. Mteja ananunua kitanda, viatu na sufuria bila kuinuka kwenye benchi langu, anaondoka anaamini nina ghala mahali. Zilipokuja simu za kisasa, Mwajabu akatufungulia kundi, akaliita Ngoja Nikuletee, na zile mbio zikahamia kwenye vidole. Mmoja akirusha picha ya bidhaa zake, wote tunairusha. Mteja wa mmoja akawa wa wote. Tulidhani hiyo ndiyo biashara, kumbe tulikuwa tunahujumu uchumi.

*

Hujuma iligunduliwa siku ya kuzaliwa ya Mpendwa wa Taifa. Huyo ndiye mkuu wa nchi yetu. Picha yake akikata keki ilirushwa alfajiri, na nchi nzima ikaamriwa kuipenda. Tuliipenda. Wanafunzi waliipenda kwa foleni kwenye simu ya mwalimu, wagonjwa waliipenda kabla ya kuonwa na daktari, na maharusi waliipenda kwanza ndipo wakaulizwa kama wanapendana. Jioni Mpendwa akaazima simu ya mjukuu wake ili ajionee mwenyewe. Akakuta picha iliyopendwa kuliko zote siku ile ni chupa ya ndimu.

Wanasema hakufoka. Aliitazama chupa kwa muda, akauliza, "Hii ndimu ni ya chama gani?"

Haukupita muda ikaundwa Wizara ya Mvuto na Wateja, akapewa Mheshimiwa Profesa Mhandisi Ndelema. Mheshimiwa Ndelema aliwahi kuwa Waziri wa Maji mpaka maji yalipokwisha, kisha Waziri wa Barabara mpaka zilipokwisha nazo, kwa hiyo ana uzoefu wa kumaliza kazi. Tulikusanywa uwanjani tumsikilize.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu wateja wa nchi hii wamekuwa wakizurura ovyo. Mtu anaamka, anakwenda kununua anakotaka yeye, bila mpango, bila mratibu, bila hata kamati. Hali hiyo imekoma leo. Mteja ni rasilimali ya taifa, kama dhahabu, kama twiga. Na ili kusiwe na utata, wataalamu wetu wamezunguka ughaibuni kwa muda mrefu na kwa posho stahiki, wakarudi na tafsiri. Mteja ni mtu yeyote aliyeketi dukani, akataka kitu, na akasubiri kuletewa. Tafsiri hii ni ya kudumu. Ofisa atakayeongeza au kupunguza hata nukta atafungwa."

Tukapiga makofi. Ndipo ikasomwa Sheria ya Usawa wa Kupendwa. Hakuna raia atakayependwa kuliko Mpendwa. Mwenye wafuasi wengi awakabidhi kwa Soko la Taifa, ambalo ni duka la serikali la mtandaoni. Na fremu itakayokutwa haina mteja siku ya ukaguzi itachukuliwa na wizara, kwa manufaa ya umma.

Soko la Taifa nililifungua usiku uleule, maana mimi ni raia mwema. Kulikuwa na picha ya waziri akiwa na jembe, ya waziri akiwa na sufuria, na ya waziri akiwa na pazia. Pazia halikuonekana vizuri kwa sababu waziri alikuwa amesimama mbele yake.

*

Mkaguzi wa Mvuto aliyeletwa mtaani kwetu aliitwa Shilembi. Kijana nadhifu, anaogopa kila kitu isipokuwa wananchi. Alisimama mbele ya fremu ya Mwajabu na faili lake, nami nikasogea kusikiliza, kwa sababu za kizalendo.

"Bi Mwajabu, wateja wote hawa umewapata wapi?"

"Niliwasalimia."

"Kwa kibali cha nani?"

"Kibali cha salamu?"

"Cha salamu, ndiyo."

"Mama yangu ndiye aliyenifundisha, mkaguzi. Kama alitakiwa kuomba kibali, hakuniambia."

"Kumbe ni mtandao wa kifamilia," akasema Shilembi, akaandika. "Sasa unatakiwa uwakabidhi. Weka sahihi hapa, na nenosiri la ukurasa hapa."

Mwajabu alikuwa anafuta chupa, akaendelea kufuta. "Hawa si mbuzi wangu, baba. Nikiwakabidhi wataniuliza wamekosa nini."

"Ukikataa, ukurasa unafungwa. Namba yako inafungwa. Siku ya ukaguzi ikifika huna mteja, fremu inakwenda. Sijui kama unanielewa, mama."

"Nakuelewa vizuri sana. Sikabidhi."

Alilisema neno hilo kwa sauti ileile ya kuuliza habari za kikohozi. Mimi niliingia ndani kwangu nikajifanya natafuta bisibisi. Nilikuwa nayo mkononi.

Wakamfungia. Wateja wakakabidhiwa bila yeye, kwenye hafla, bendi ya polisi ikipiga, waziri akijikabidhi mwenyewe na kujishukuru mwenyewe. Watu waliokuwa wafuasi wa Mwajabu waliamka wakajikuta ni wafuasi wa Soko la Taifa. Ikazinduliwa Achari ya Taifa. Chupa ina sura ya waziri mbele, nyuma na kwenye kifuniko, kiasi kwamba huwezi kuona kilichomo. Waliofungua wanasema bora wasingefungua.

Nasikia wizarani walisherehekea wiki ile, kwa sababu achari yao ilipendwa na nchi nzima. Watu waliandika chini yake, "Tunaipenda kwa mujibu wa sheria." Kilichokuja kuwatatiza ni kwamba haikununuliwa hata chupa moja. Kupenda waliamuru, kununua walisahau.

Lakini huku kwetu hapakuwa na sherehe. Jina la Mwajabu lilikuwa marufuku kutajwa, picha ya chupa yake marufuku, na ndimu yoyote marufuku kupigwa picha isipokuwa kwa uchunguzi wa kitabibu. Nilimwona amekaa anatazama simu iliyokufa, chupa zimejaa nyuma yake mpaka juu, na iliniuma. Nasema ukweli wangu, iliniuma nikamchukia Shilembi na faili lake. Halafu nikaipenda serikali haraka haraka kwa kidole gumba ili mambo yawe sawa. Hayakuwa sawa.

Alikuja akasimama mlangoni kwangu. "Kitwana, mimi wamenifungia. Wewe wamekufungia?"

"Hapana, dada."

"Na Hatibu?"

"Hapana."

"Na wengine?"

"Hakuna aliyefungiwa, dada."

"Basi mimi sijafungwa," akasema, akarudi kwake kukata pilipili.

*

Mchana akaja mama mmoja na simu iliyopasuka kioo. Alipokaa akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumsaidia ile achari ya yule dada, yule. Mimi ni raia mwema, kwa hiyo niliipitia sheria yote kichwani. Hakuna mahali ilipomkataza fundi simu kusema anachosema kila siku.

"Karibu, kaa," nikamwambia. "Ngoja nikuletee."

Ikawa hivyo mtaa mzima. Ukienda kununua ndoo, ndoo inakuja na chupa. Ukienda kushona suruali unaondoka na suruali na harufu ya siki. Kondakta yule wa basi akawa anashuka kila safari, anauliza bei ya godoro, hanunui godoro, anapanda na begi zito. Shilembi alizunguka na faili lake hakukuta kosa, kwa sababu kila mtu alikuwa anamletea mteja wake kitu alichotaka.

Kilichowatia wazimu wizarani ni Hatibu. Huyu bwana siku zote akirusha picha anarusha godoro tupu, bila neno. Siku hiyo akarusha godoro, na juu ya godoro sahani ya pilau. Nyama ipo, kachumbari ipo, ndizi ipo, na pembeni pana nafasi haina kitu, kama ya kijiko kimoja. Hakuandika chochote. Hatibu haandikagi.

Nchi nzima ikajua kilichokosekana pale. Kabla jua halijazama kila mtu alikuwa amerusha sahani yake, wengine pilau, wengine wali, wengine muhogo wa kuchemsha, na kila sahani ina nafasi pembeni. Maagizo yakamiminika kwa Hatibu, kwangu, kwa wauza ndoo. Mwajabu akaita wadogo zake waje kusaidia kukata ndimu, na nilimsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu hafla ile.

Waziri Ndelema akatokea kwenye televisheni amekunja uso. "Kuna genge linalotumia nafasi tupu kuchochea wananchi," alisema. "Serikali hii haiwezi kuvumilia nafasi tupu. Kuanzia sasa ni marufuku kwa sahani ya mwananchi yeyote kuwa na nafasi. Sahani zote zijae. Hili ni agizo."

Hilo ndilo agizo la kwanza ninalolikumbuka ambalo watu walilipenda bila kuamriwa. Asubuhi yake kina mama wa kila mtaa walikuwa wamejipanga nje ya wizara na sahani mkononi. Mmoja alikuwa anamweleza mlinzi kwa unyenyekevu, "Mwanangu, sahani yangu inavunja sheria tangu juzi. Naogopa kufungwa. Nijazieni." Foleni ikazunguka jengo, ikakutana na mkia wake. Ilipofika alasiri serikali ikatangaza kwamba agizo lile halikuwahi kutolewa, na aliyelisikia ajisalimishe.

*

Ndipo ikaja siku ya ukaguzi. Waziri alikuja mwenyewe na kamera za televisheni, matangazo mubashara, nchi nzima ishuhudie fremu ikichukuliwa. Polisi walikuwa wameufunga mtaa pande zote mbili tangu alfajiri, asipite mteja hata mmoja. Mwajabu alivaa gauni lake la sikukuu. Alipanga chupa safu kwa safu, akafuta benchi, akasimama nyuma ya meza ya mama yake.

Lilikuwa jua kali. Waziri hakutaka kusimama, maana kusimama juani ni kazi ya wananchi, akaingia ndani akakaa kwenye benchi la Mwajabu. Shilembi akafungua faili, akatangaza mbele ya kamera kwamba mkaguzi hajaona mteja.

"Fremu hii inachukuliwa," akasema waziri, akageuza upande wake mzuri kwenye kamera. "Ila kabla ya hapo nataka kitu kimoja. Namtaka mtu aliyeanzisha zile sahani. Na nawaambia mbele ya Mpendwa wa Taifa, anayenitazama sasa hivi, sitainuka kwenye benchi hili mpaka nimeletewa."

Hatibu alikuwa amelala kwake, miguu nje. Waziri akaangaza macho, yakaishia kwangu.

"Wewe fundi. Unaye?"

Nilimwangalia Mwajabu, naye akaniangalia, hakuniomba kitu. Maisha yangu yote nimekuwa raia mwema, na ninajua raia mwema angesema nini pale. Lakini mimi kabla ya kuwa raia mwema ni mtu wa mtaa ule.

"Mheshimiwa, karibu," nikasema. "Kaa hapo hapo. Ngoja nikuletee."

Nikatoka mbio mpaka kwa Hatibu. Nikamwambia kuna mteja anataka mtu aliyeanzisha sahani. Hatibu akafumbua jicho moja. "Hapa hayupo," akasema, "ngoja nimletee." Akainuka kwenye godoro, akatembea mpaka kwa muuza ndoo. Muuza ndoo akamkaribisha, akatoka mbio kwa fundi viatu. Fundi viatu akatoka mbio kwa muuza pasi. Mtaa mzima ukawa mbio, kila mtu anapishana na mwenzake, anapita mbele ya waziri anamwambia, "Tunakuletea, Mheshimiwa, sasa hivi." Mmoja akamletea soda na mrija, kwa sababu kwetu mteja anayesubiri hupewa soda. Akaipokea, jua kali lile. Nchi nzima ikamwona kwenye televisheni, waziri yuko kwenye benchi, ananyonya soda, anasubiri.

Mwajabu akamgeukia Shilembi. "Mkaguzi, umesema sina mteja."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu aliyekaa?"

Shilembi akamtazama waziri. Nikaona midomo yake inacheza, anajisomea kimoyomoyo: aliyeketi dukani, akataka kitu, akasubiri kuletewa. Akaangalia kamera. Akakumbuka ile nukta, na kufungwa. Jasho likamtoka mpaka kwenye kola.

"Shilembi, usithubutu," akasema waziri.

"Mheshimiwa, tafsiri ni yako," akajibu Shilembi kwa sauti ya kulia. Akaandika mteja yupo, akagonga mhuri, akakaa chini kwenye ndoo.

Waziri alitaka kuinuka. Simu yake ikaita kabla hajainuka, akaipokea kwa mikono miwili, akasikiliza, akasema ndiyo Mpendwa, ndiyo Mpendwa, akakaa tena. Alikuwa ameahidi mubashara kwamba hainuki mpaka aletewe, na Mpendwa wa Taifa hapendi waziri wake aonekane mwongo kwenye televisheni. Kwingineko hana neno.

"Wateja wangu walikuja wenyewe, Mheshimiwa," Mwajabu akamwambia. "Uliwachukua, nao wamerudi wenyewe. Sasa na wewe umekuja. Sina kinyongo na mteja. Utaonja?"

Alikataa. Jioni njaa ilipomshika aliomba kijiko.

Picha ile sasa iko kwenye kila simu ya nchi. Waziri yuko mbele na mrija wake, nyuma yake chupa za Mwajabu safu kwa safu, ndimu zinang'aa. Wizara haiwezi kuifuta, maana kufuta sura ya waziri ni uhaini, na chini yake kila mtu anaandika kwa mujibu wa sheria kwamba anaipenda. Polisi walikwishaondoka. Mwajabu hana ukurasa mpaka leo na wala hauulizii.

Sisi bado tunamtafuta mtu yule. Mimi nimeuliza kwa Hatibu, Hatibu ameuliza kwenye ndoo, na ndoo wanaulizia kwenye pasi. Ukipita nyuma ya stendi utamkuta waziri kwenye benchi, amekonda kidogo lakini rangi yake nzuri, ni ile achari. Msalimie vizuri. Akikuuliza kama tumempata, usimwambie hamna. Mwambie tuko njiani.